Bei ya Boti ya Kasi na Thamani Yake: Mazungumzo na Wanunuzi



Tunazungumza juu ya jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laweza kudhaniwa kuwa la watu wachache: ununuzi wa boti ziendazo kasi kutoka kwa mawakala. Boti hizi si za wenye hoteli peke yao. Zinanunuliwa na vikundi vya vijana wanaopeleka wageni visiwani, na wavuvi wanaotaka kufikisha samaki sokoni kabla barafu haijayeyuka, na familia zilizouza kiwanja ili kupata chombo cha kazi. Mnunuzi wa aina hiyo huweka katika boti fedha ambazo hataziweka tena katika kitu kingine isipokuwa nyumba. Kisha hupakia watu na kuondoka nao ufukweni. Kasoro ya redio hujulikana sebuleni. Kasoro ya boti hujulikana mahali ambapo hakuna pa kusimama.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: kati ya boti ya bei nafuu na boti ya bei kubwa, mtu achukue ipi? Jibu letu ni kwamba bei peke yake haijibu swali hilo. Zipo boti za bei ya wastani zilizojengwa kwa uaminifu, na zipo boti ghali ambazo fedha ya mnunuzi imekwenda kwenye rangi, viti vya ngozi na spika za muziki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara ya boti hata kizuri hutembezwa kwa matangazo, na kibaya hupakwa rangi kikang'aa. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujua mambo matatu: fedha yake imekwenda wapi, chombo kitafanya kazi gani, na muuzaji amekubali kuandika nini.

Pale unafuu unapojificha

Boti nyingi za kasi hujengwa kwa fiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa na gundi ngumu iitwayo resini. Ganda la nje linalong'aa ni jembamba sana, na kazi yake ni kukinga na kupendezesha. Nguvu ya boti imo katika tabaka zilizo chini ya ganda hilo, ambazo mnunuzi hazioni. Mjenzi anayetaka kupunguza gharama hapunguzi mng'aro, kwa kuwa mng'aro ndio unaouza. Hupunguza tabaka za nyuzi, hutumia resini ya bei ya chini, na huweka plaiwudi ya kawaida mahali palipohitaji plaiwudi ya baharini au povu gumu lisilonyonya maji.

Sehemu ya kuangaliwa kwanza ni ukuta wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba injini. Katika boti nyingi, ndani ya ukuta huo mna mbao zilizofunikwa kwa fiba. Kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji. Maji yakiingia, mbao huoza kimya kimya kwa miaka, huku nje pakionekana pazima. Siku injini yenye uzito wa kilo mia mbili na zaidi inaposukuma kwa nguvu zote, ukuta uliooza hunyumbuka na kupasuka.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa vitendo vyepesi. Gonga ukuta wa tezi na sakafu kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Sauti kavu na kali huashiria uzima. Sauti nzito iliyofifia huashiria unyevu au tabaka zilizoachana. Inua sehemu ya chini ya injini kwa mikono, kisha iachie polepole, huku mwenzako akitazama kama ukuta unacheza. Ukanyage sakafu yote kwa kisigino. Fungua kila kifuniko uangalie ngama: fiba iliyolainishwa vizuri na nyaya zilizofungwa kwa mpango hueleza tabia ya mjenzi kuliko kijitabu cha matangazo. Ukiona malengelenge madogo chini ya boti, ujue kuwa maji yamepenya ganda la nje, na bei ya matengenezo lazima iingie katika mazungumzo.

Kasi inayolipiwa na kasi inayotumika

Jambo la pili ni kasi yenyewe. Muuzaji hupenda kutaja kasi ya juu kabisa, na mnunuzi hupenda kuisikia. Lakini kasi ni bidhaa inayopanda bei upesi. George Crouch, mbunifu wa Marekani aliyechora boti za mashindano katika miaka ya 1920, aliacha kanuni ambayo wajenzi wanaitumia hadi leo: kwa boti itelezayo juu ya maji, ukitaka kasi iwe mara mbili, nguvu ikilinganishwa na uzito lazima iwe mara nne.

Tuifanye kanuni hiyo kuwa hesabu ya nyumbani. Boti inakwenda noti 30, yaani kilomita 55 na ushei kwa saa, kwa injini ya nguvu farasi 150. Mwenyewe akitaka ifike noti 40, atahitaji nguvu farasi karibu 270, hata kabla ya kuhesabu uzito wa injini iliyoongezeka. Mafundi hukadiria kuwa injini ya petroli ikiendeshwa kwa nguvu zote hunywa kiasi cha lita moja kwa saa kwa kila nguvu farasi tatu. Basi injini ya kwanza itakunywa lita 50 kwa saa, na ya pili lita 90. Katika safari ya maili 20 za baharini, boti ya kwanza itafika kwa dakika 40 na ya pili kwa dakika 30. Dakika kumi hizo zimenunuliwa kwa injini ya bei kubwa zaidi na kwa lita kumi na zaidi za petroli katika kila safari.

Tena hesabu hiyo imefanywa juu ya maji yaliyotulia. Kusi inapovuma na bahari kuumuka, hakuna nahodha mwenye busara atakayekimbiza abiria kwa noti 40. Migongo ya watu haitavumilia, wala fiba haitavumilia. Mtu aliyelipia kasi hiyo ataitumia siku chache tu za mwaka.

Kinachoamua mwendo katika mawimbi ni umbo la sehemu ya chini. Mwaka 1960, katika mashindano ya boti kutoka Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahama, bahari ilichafuka, na boti iliyoshinda ilikuwa Moppie, yenye umbo la V ya kina lililobuniwa na Raymond Hunt. Tangu hapo umbo hilo limeenea duniani kote. V ya kina hukata wimbi na kutua kwa ulaini, ila hudai nguvu zaidi na huyumba inaposimama. Sehemu ya chini iliyo bapa huinuka mapema juu ya maji, hunywa mafuta kidogo, na hutulia pale wavuvi wanapovuta nyavu au wageni wanapopiga mbizi, ila hupigapiga vibaya katika mawimbi. Hakuna umbo lililo bora kwa kila kazi. Muuzaji anayesema kuwa boti yake inafaa kwa yote hajauliza unakwenda wapi nayo.

Hesabu ya miaka, si ya siku moja

Tuchukue sasa mfano wa boti mbili dukani, kwa tarakimu tulizoziweka wenyewe ili kurahisisha hesabu. Ya kwanza inauzwa shilingi milioni 90, ikiwa na injini mbili za mapigo mawili za mtindo wa zamani, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ya pili inauzwa milioni 120, ikiwa na injini moja ya mapigo manne. Tuseme kwa mwendo wa kawaida ya kwanza inakunywa lita 50 kwa saa na ya pili lita 35, na bei ya petroli ni shilingi 3,000 kwa lita.

Kikundi kinachofanya kazi saa 300 kwa mwaka kitaona tofauti ya lita 4,500, yaani shilingi milioni 13.5 kila mwaka. Kabla mwaka wa tatu haujaisha, boti iliyoonekana rahisi imekwisha kuwa ghali kuliko mwenzake. Lakini familia inayotoka baharini saa 40 tu kwa mwaka itaokoa shilingi milioni 1.8 kwa mwaka, na itahitaji zaidi ya miaka 16 kurudisha tofauti ya milioni 30. Kwa familia hiyo, injini ya bei ya chini, ikiwa nzima na ina vipuri, yaweza kuwa uamuzi wa busara.

Hapo ndipo tunapoona kuwa swali la bei na ubora halina jibu moja kwa watu wote. Kabla ya kwenda kwa wakala, andika kwenye karatasi: watu wangapi, umbali gani, majira gani ya mwaka, saa ngapi kwa mwaka. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza muuzaji. Ukikosa kuwa nayo, muuzaji atakuongoza kwenye boti iliyokaa dukani muda mrefu.

Ongeza katika hesabu yako vipuri na fundi. Injini nzuri isiyo na fundi katika mkoa wako si nzuri kwako. Muulize wakala akuonyeshe rafuni, kwa macho yako, pampu ya maji, chujio la mafuta na rafadha ya akiba kwa injini anayokuuzia.

Vibao na namba

Boti iliyojengwa kwa kufuata kanuni hubeba maelezo yake mwilini. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya hubandikwa kibao chenye herufi A, B, C au D. Herufi B ni kwa upepo hadi daraja la 8 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 4. Herufi C ni kwa upepo hadi daraja la 6 na mawimbi hadi mita 2. Herufi D ni kwa maji yaliyotulia, ambapo mawimbi kwa kawaida hayazidi sentimita 30. Boti ya daraja la D yaweza kuwa ya kupendeza na ya kasi sana, lakini imetengenezwa kwa maziwa madogo na mito, wala haikukusudiwa kuvuka mkondo wa bahari yetu. Kibao hichohicho hutaja idadi ya watu na uzito wa juu wa mzigo. Boti ndogo kutoka Marekani nazo huwa na kibao cha uwezo kinachotaja watu, uzito na nguvu ya juu ya injini. Injini yenye nguvu kuliko iliyotajwa kwenye kibao ni hatari, hata kama muuzaji anaiita zawadi.

Tazama pia namba ya utambulisho iliyochongwa upande wa kulia wa ukuta wa tezi. Katika boti za Marekani na Ulaya, tarakimu mbili za mwisho huonyesha mwaka wa toleo. Ukiambiwa boti ni mpya, na namba inasema ilitoka miaka sita iliyopita, basi bei nayo irudi nyuma miaka sita. Linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye hati. Injini nyingi za kisasa huhifadhi saa zilizotumika katika kompyuta yake. Omba fundi azisome mbele yako.

Kwa injini iliyokwisha kutumika, mwagize fundi afungue kidogo oili ya gia chini ya injini. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Angalia pia vipande vya madini vinavyowekwa ili viliwe na kutu kabla ya injini. Boti iliyotoka kwenye maji baridi yaweza kuwa na vipande vya magnesi, ambavyo huliwa haraka mno katika maji chumvi, na baada ya hapo injini yenyewe hubaki bila kinga.

Safari ya majaribio

Usikubali kununua boti iliyo juu ya trela. Injini inayonguruma vizuri ikimwagiliwa maji ya mpira dukani haijathibitisha lolote juu ya mwendo wake baharini. Omba safari ya majaribio, na boti ibebe idadi ya watu na mzigo utakaokuwa nao kazini. Boti iliyopimwa na nahodha peke yake na mafuta robo tangi huonyesha kasi ambayo hutaiona tena.

Katika safari hiyo, iwashe injini ikiwa ya baridi. Angalia kama maji ya kupoozea yanatoka mfululizo. Geuza usukani kushoto na kulia mwendo ukiwa wa wastani, uone kama unakaza. Kata mawimbi kwa pembe mbalimbali, usikilize kama sakafu inalia. Jaribu kamba ya usalama inayomfunga nahodha kwenye swichi ya kuzimia injini. Ikivutwa, injini lazima izime palepale. Nchini Marekani, sheria imelazimisha matumizi ya swichi hiyo kwa boti nyingi ndogo tangu tarehe 1 Aprili 2021, kwa sababu nahodha akirushwa nje, boti isiyozimika huendelea kuzunguka na kurudi juu ya aliyeanguka. Mkirudi, fungua ngama tena uone maji yaliyoingia ni kiasi gani.

Muuzaji akikataa majaribio haya, amekupa habari muhimu bila gharama. Mshukuru, uondoke.

Malipo na haki zako

Sheria haikumwacha mnunuzi peke yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na kuutegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza ile karatasi ya mahitaji. Ikabidhi kwa wakala, itiwe sahihi na tarehe, nawe ubaki na nakala. Maneno ya mdomo huchukuliwa na upepo. Karatasi husimama mbele ya msuluhishi.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba ulichokiona wewe mwenyewe wakati wa ukaguzi na ukanyamaza ni vigumu kukidai baadaye. Kila kasoro uliyoiona iandikwe katika mkataba, pamoja na nani atakayeitengeneza na kwa tarehe ipi.

Juu ya malipo, usitoe fedha yote kwa boti ambayo haijafika. Gawa malipo kwa awamu zinazofuata hatua zinazoonekana, na baki na sehemu ya maana ya kulipa baada ya majaribio. Dai risiti ya kielektroniki kwa kila awamu. Dhamana, au waranti kama wengi waiitavyo, isome yote: inahusu mwili wa boti au injini tu? Inakubali boti ya biashara, au ya matumizi binafsi peke yake? Dhamana nyingi za injini huwa fupi kwa chombo cha biashara, na mwenye boti ya watalii hugundua hivyo siku injini imekwisha kufa.

Kabla ya malipo ya mwisho, chombo kikaguliwe. Kwa Bara, nenda Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kwa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Boti isiyokubaliwa kubeba abiria si mali ya biashara, hata ikiwa ya bei gani.

Maswali ya kwenda nayo dukani

1. Boti hii imejengwa wapi, mwaka gani, na namba yake inasema hivyo?
2. Ndani ya ukuta wa tezi na sakafu mna kitu gani?
3. Kibao kinaruhusu watu wangapi, uzito gani na injini ya nguvu gani?
4. Kwa mzigo wangu, itakunywa lita ngapi kwa saa katika mwendo wa kawaida?
5. Vipuri viko wapi, na fundi yuko umbali gani?
6. Dhamana inahusu nini, na inavunjwa na nini?
7. Majaribio yatafanyika lini, tukiwa na watu wangapi ndani?

Ndugu wasikilizaji, hatukuja hapa kuwashauri mnunue boti ghali, wala kuwasifia wanaotafuta unafuu. Tumekuja kuwaomba mnunue chombo kinachokidhi safari zenu, kwa bei mliyoielewa, kutoka kwa mtu aliyekubali kuweka sahihi chini ya maneno yake. Anayepanda boti yenu hajui resini wala ukuta wa tezi. Amewaamini ninyi kwamba mlikwisha kuuliza.